Tarakimu ya Tisa

Jumatatu ile ya mwezi wa nane Mwalimu Tereza alifungua darasa la saba kwa ufunguo wake mwenyewe, akakuta ubao umeandikwa. Hilo peke yake halikumshtua. Watoto wa siku hizi wakipata kipande cha chaki hawaachi ukuta salama. Kilichomsimamisha mlangoni ni harufu. Mwese yote ilikuwa kavu, mto wa bondeni umebaki madimbwi mawili matatu, vumbi la barabara linaingia hadi kwenye kopo la chumvi, lakini mle darasani mlinuka tope la mto uliojaa, lile tope la masika lenye majani yaliyooza ndani yake.

Kwenye kona ya ubao kulikuwa na mraba wa mahudhurio wa Ijumaa, kama alivyouacha: waliosajiliwa 38, waliohudhuria 38, wasiohudhuria 0. Chini yake ilikuwepo namba moja tu, imeandikwa kwa mkono uliotulia, tarakimu zimejipanga bila kupanda wala kushuka: 73939133. Ile saba ya mwanzo ilikatwa kistari katikati. Tereza aliitazama saba hiyo mara mbili, kisha akaenda kufungua madirisha.

Tereza ni mtu wa Mpimbwe. Mlimani Mwese aliletwa na barua ya serikali miaka kumi na moja iliyopita, sanduku moja mkononi na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo ndiye Matilda, ambaye sasa yuko darasa hilohilo la saba, anamwita mama nyumbani na mwalimu shuleni, na hajawahi kuchanganya. Baba yake, Martin, anauza mchele Majengo mjini Mpanda na huja mwisho wa mwezi kama barabara imekubali. Siku nyingine zote mama na binti wanakuwa wawili tu katika nyumba ya walimu, wanapika chungu kimoja na kugombania shuka moja.

Watoto walipoingia aliwauliza nani kaandika. Hakuna aliyekubali, na kwa nyuso zao aliona hawadanganyi. Mwalimu mwingine angefuta akaendelea na mada ya siku. Tereza hakuweza kuona namba imekaa bure, akawaambia waigawe bila kubaki kitu. Kwa mbili haikukubali, kwa tano haikukubali. Kwa tatu unajumlisha tarakimu zake: wakajumlisha kwa sauti wakapata thelathini na nane, na thelathini na nane haigawanyiki kwa tatu.

“Mwalimu, thelathini na nane si ndiyo sisi?” alisema Enoka, mcheshi wa darasa, na wote wakacheka, maana kweli walikuwa thelathini na nane. Madawati yalikuwa kumi na matatu na kila dawati lilikaa watatu, isipokuwa la Matilda pale dirishani. Hilo lilikaa wawili.

Kwa saba ilibaki mbili. Kwa kumi na moja ikagoma. Wakaendelea hadi kengele, namba imekaa palepale inawatazama. Tereza akawaeleza kwamba zipo namba za namna hiyo, zinaitwa namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo inavyochosha kuzitambua. Akachukua dasta akafuta. Vumbi la chaki lililodondoka lilikuwa bichi, likamnata vidoleni.

Jumanne namba ilikuwa imerudi, lakini imekatwa mkia. Tatu ya mwisho haikuwepo: 7393913. Saa nne, watoto wanapanga foleni ya uji, watatu kati yao wakaanguka.

Shule zetu zinajua kuanguka mapepo. Wasichana wanapiga kelele, mmoja akianza wanafuata kumi, wanamwagiwa maji, mzazi mmoja anafukiza, kesho yake wanacheza rede. Hawa watatu hawakupiga kelele. Walikaa chini taratibu kama watu waliochoka, wakalala ubavu, macho wazi, na kabla Tereza hajawafikia nywele zao zilikuwa zimeloa chapachapa katika jua la saa nne. Miili ilikuwa baridi. Midomo ilicheza. Aliposogeza sikio kwa Enoka, ambaye jana yake tu alikuwa anachekesha wenzake, alisikia sauti ndogo sana inasema saba, tatu, tisa, tatu, tisa, moja, tatu, halafu inaanza upya.

Muuguzi wa zahanati aliwapima malaria akakuta hawana, akawafunika mablanketi, akakiri kwamba zaidi ya hapo hajui. Mwalimu mkuu, Eustace, mtu anayeamini hakuna balaa lisilotulia likiandikiwa barua, aliandika barua na kubadilisha kufuli la darasa. Jumatano tatu nyingine ikawa imetoka, 739391, na saa nne wakaanguka watatu. Tereza alimwendea ofisini akamweleza anachokiona: tarakimu inayofutika ndiyo hesabu ya wanaoanguka. Eustace alivua miwani, akamwambia mwalimu wa hisabati ana ugonjwa wa kuona hesabu kila mahali, mtihani wa taifa uko mwezi ujao, na darasa halifungwi kwa ajili ya chaki. Alichokubali ni kuwahamishia chumba cha darasa la tano.

Alhamisi asubuhi wakaingia chumba kipya. Namba iliwatangulia. 73939. Iliyotoka ilikuwa moja.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne Tereza hakufundisha kitu. Alizunguka kati ya madawati akiwagusa mabega mmoja mmoja, anawauliza kama wanasikia baridi, na kila aliyejibu hapana alimshukuru Mungu na papo hapo akaona haya, kwa sababu alijua moyo wake unaomba iwe yeyote, mtoto wa yeyote, isipokuwa mmoja. Kengele ya uji iligongwa. Matilda aligeuza uso kutoka dirishani, akamtazama, akasema, “Mama, nimeloa,” na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama mbele ya wenzake. Akaweka kichwa juu ya dawati.

Siku ya Ijumaa wazazi hawakuleta watoto shuleni. Wakadhani wamekwepa. Saa nne kamili wakaanguka tisa, kila mmoja pale alipokuwa: mmoja kisimani na ndoo kichwani, mmoja nyuma ya mbuzi, wawili wa nyumba moja wakiwa wanaosha vyombo. Ubaoni ilibaki 7393. Kumi na sita walikuwa wamelala macho wazi, na kijiji kizima kilikuwa kinanuka tope.

Hapo ndipo wazazi walipoenda Mishamo na pikipiki kumfuata mganga, Bibi Joséline. Alifika alasiri, kibibi kifupi cha vitenge viwili, akaomba kwanza maji ya kunywa na kiti chenye mgongo. Alisema apelekwe kwa yule aliyeanguka peke yake. Watu wote wakahamia uani kwa Tereza.

Matilda alikuwa kwenye mkeka, kichwa kwenye paja la mama yake. Tangu jana Tereza alikuwa amemkausha nywele kwa khanga tano, na zote tano zilining'inia kwenye kamba zinatiririka. Bibi alichoma majani yake kwenye kigae, akasubiri moshi ulale chini, akamshika mtoto kidole gumba cha mguu.

“Wewe uliyemo,” aliuliza polepole, “unataka nini kwa watoto wa watu?”

Midomo ya Matilda iliacha kuhesabu. Ikatoka sauti nzito yenye mapovu, sauti ambayo isingeweza kutoka kwenye kifua kile chembamba.

“Sitaki kitu. Mimi nakaa mtoni. Niliokota.”

“Uliokota nini?”

“Kiliteremka na maji. Nikauliza mwenyewe nani. Mlimani walisema yuko bondeni. Bondeni walisema yuko mlimani. Hakuna aliyemlilia. Kisicholiliwa si cha mtu, nikakiweka.” Maji yalimtoka mtoto pembeni ya mdomo, Tereza akayafuta. “Lakini halali usingizi. Anataka darasa lake. Hana kitu mkononi isipokuwa hiyo namba. Basi namletea kwa namba yake, mpaka iishe.”

Watu uani walisogea nyuma. Bibi Joséline aliuliza atatokaje.

“Nigawieni sawasawa,” ilisema sauti, “kisibaki kitu.” Kisha Matilda akarudi kuhesabu, saba, tatu, tisa, tatu.

Bibi alizima moto wake kwa mkono. Aliwaambia kwamba jini wa kufukuza anamjua na dawa yake anayo. Huyu hakuiba, kaokota. Akamgeukia mzee mmoja mfugaji aliyesimama mlangoni, akamuuliza ng'ombe akipotea na mtu akamwokota, hapa kwenu mnafanyaje. Mzee akajibu kwamba aliyeokota hafukuzwi wala hapigwi. Mwenye mali anakuja mbele ya watu, anasema nimepotelewa, anataja alama za mnyama wake moja moja, na zikilingana anapewa.

“Basi ndivyo,” alisema Bibi Joséline. “Kuna mtu hapa amepotelewa na hajasema.”

Watu wakatazamana. Kila mmoja alijua watoto wake walipo, wazima na walalao. Tereza naye alijua. Alijua tangu Jumatatu, tangu ile saba yenye kistari, ila kuna kujua ambako mtu anakufunika kama anavyofunika sufuria. Wazazi wa watoto kumi na sita walikuwa uani kwake wakisubiri mmoja afungue kinywa. Aliinamisha uso juu ya nywele mbichi za binti yake, akanyamaza.

*

Aliitwa Minza. Minza Manyanda, wa namba thelathini na tisa katika daftari la mahudhurio, aliyekaa dawati moja na Matilda upande wa dirisha. Baba yake ni Msukuma aliyeshuka na ng'ombe miaka ile ya ukame, akaweka kambi bondeni ng'ambo ya mto. Minza alichunga Jumamosi na Jumapili, na huko machungani alikuwa na simu ya tochi ya baba yake, simu pekee ya kambi nzima, ambayo yeye aliipendea kikokotoo tu.

Aliubuni mchezo wake mwenyewe. Anaanza na saba, kwa sababu yuko darasa la saba. Anaongeza tarakimu mkiani mpaka apate namba isiyogawanyika: sabini na tatu. Anaongeza nyingine: mia saba thelathini na tisa. Kila hatua lazima igome kugawanyika, ili siku ukianza kuikata mkia, tarakimu moja moja, kila kinachobaki kiwe bado kizima. Wiki kwa wiki alimletea Tereza namba ndefu zaidi, na Tereza, aliyefundisha miaka kumi na moja bila kuona mtoto anayependa namba kwa ajili ya namba, alizihakiki akashindwa kuzivunja. Mwezi wa tatu ikafika tarakimu nane. Kuihakiki hiyo peke yake kulitaka kugawanya kwa namba zaidi ya elfu moja, na Minza alikuwa amezigawanya zote nyuma ya ng'ombe.

“Mwalimu,” aliuliza siku hiyo, “ya tisa ipo?”

Tereza hakujua. Walimu tuna ugonjwa wa kutosema hatujui. Akamwambia, “Itafute. Utaniletea jibu siku ya mtihani wa majaribio.”

Mwezi wa nne malisho yakageuka tope, Manyanda akaamua kuteremka na mifugo yake hadi Mpimbwe. Tereza alivuka mto mwenyewe kwenda kumwomba amwache Minza. Wakakubaliana mbele ya watu wa kambi: asubuhi ya mtihani familia itaondoka na ng'ombe, mtoto atapanda kwenda shule, na kuanzia siku hiyo atakaa kwa mwalimu mpaka mtihani wa taifa. Manyanda alisema atamwachia hata simu, kwa ajili ya hesabu zake.

Usiku wa kuamkia mtihani mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi dawati la dirishani lilikuwa na watu wawili. Tereza aliliona, akakasirika. Akasema moyoni, wafugaji ndivyo walivyo, leo wapo kesho hawapo, mzee yule kanitazama machoni akanidanganya. Wiki ileile wakaguzi walikuwa wanakuja, na utoro unachafua jina la mwalimu. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la thelathini na tisa, akaandika pembeni: amehama na wazazi. Angeweza kutuma neno kwa madereva wa bodaboda. Angeweza kushuka tu mtoni, nusu saa kwa miguu. Hasira ilimshika mwezi mzima, na hasira ilipoisha aibu ikachukua zamu.

Na kule Mpimbwe baba hakuwa na simu ya kupiga, wala sababu ya kupiga. Mtoto wake alikuwa kwa mwalimu.

Jumamosi na Jumapili, siku zisizo za darasa, namba haikukatwa. Jumapili nzima Tereza alikaa kando ya mkeka, mkono mmoja umeshika mkono baridi wa Matilda, mwingine una kalamu. Alidhani labda jini anadai jibu, labda akimpatia mtoto yule tarakimu yake ya tisa itatosha na hatalazimika kusema kitu mbele ya mtu. Sifuri, mbili, nne, sita, nane, zote ukizitia mkiani namba inagawanyika kwa mbili. Tano inagawanyika kwa tano. Moja na saba zinaangukia kwa tatu. Zikabaki tatu na tisa, na hizo zilimla kutwa, anagawanya, anafuta, anagawanya, mpaka jua lilipoelekea kuzama zote mbili zikavunjika.

Haipo. Hakuna ya tisa. Namba ile unaweza kuikata mkia mara saba na kila kinachobaki kikawa kizima, hakina ufa. Ila ukiiongeza tarakimu moja tu, yoyote ile, inafunguka. Minza lazima alikuwa ameligundua hilo. Asubuhi ile ya mvua alikuwa anapanda mlima kumletea mwalimu wake jibu, na mwalimu wake alimkata.

Tereza alilia hapo kwa sauti, kilio cha msiba kabisa, kilichocheleweshwa miezi minne. Jirani aliyepita alidhani Matilda amekata roho.

*

Jumatatu kamati ya shule na wazazi wote walijaa darasani. Watoto ishirini na wawili waliobaki wazima walikalishwa katikati, wamezungukwa na mama zao kama wangeweza kulindwa kwa migongo. Ubaoni palikuwa na 739. Iliyotoka ni tatu. Tereza alikuja ameazimia kusema. Lakini Eustace alianza kwa kufungua kikao, akasoma barua yake yote, akaeleza hatua zilizochukuliwa, na Tereza akamwacha aendelee, akamwacha, akijiambia akimaliza tu, mpaka kengele ambayo hakuna aliyeigonga ikalia kwenye nguzo ya nje, na watoto watatu wakateleza kutoka mikononi mwa mama zao hadi sakafuni, nywele zinatiririka, na sasa walikuwa kumi na tisa, nusu kamili ya darasa, na maji yakaanza kujitokeza chini ya ubao na kutambaa sakafuni kuelekea kwenye miguu ya waliosalia.

Tereza alisimama. Daftari la mahudhurio lilikuwa mkononi mwake.

“Nimepotelewa,” alisema.

Eustace akanyamaza katikati ya neno.

“Nimepotelewa na mtoto wa kike. Jina lake Minza Manyanda. Alama zake ni hizi. Jino la mbele limemeguka kidogo, alianguka na ndama. Sweta ya bluu, kiwiko cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mwekundu, nilimshonea mimi. Akiandika saba anaikata kistari. Akifikiri anauma kola. Baba yake alinipa mimi. Alitoka kwao asubuhi kuja kwangu, hakufika, na mimi sikwenda kumtafuta. Niliandika amehama, na hakuna aliyeniambia amehama. Nilifuta jina ili daftari lipendeze.”

Mama mmoja alianza kulia, halafu mwingine, na safari hii hawakuwa wanawalilia watoto wao. Tereza alienda ubaoni, viatu vinakanyaga maji. Mbele ya ile 739 akarudisha kimoja kimoja kilichochukuliwa: tatu, tisa, moja, tatu, tatu. Kisha mkiani, mahali pa tisa, akaongeza moja.

739391331.

“Jumlisheni,” aliwaambia watoto, na sauti chache zenye woga zikajumlisha naye tarakimu kwa tarakimu mpaka thelathini na tisa. Thelathini na tisa inagawanyika kwa tatu. Akaigawa pale pale, hatua kwa hatua, kama anavyofundisha siku zote, jibu likashuka 246463777, na mwisho akaandika sifuri ya baki akaipigia mstari. Halafu akafungua daftari, akaandika upya jina la Minza chini ya lile lililokatwa, akalisoma kwa sauti.

Watoto watatu waliolala sakafuni walifungua midomo kwa pamoja.

“Alama ni zake,” ilisema ile sauti nzito, na haikuwa na hasira. “Amelia sana. Mchukueni.”

Maji yakarudi nyuma, yakaingia chini ya ukuta. Harufu ya tope ilipungua, ikabaki ya chaki na jasho la watu. Mmoja wa wale watatu akakohoa, akauliza kama uji umekwisha. Tereza alikimbia hadi nyumbani bila kujua amepita wapi, akamkuta Matilda ameketi juu ya mkeka, nywele kavu, anatetemeka.

“Mama,” alisema, “Minza anauliza kwa nini hukuja.”

Tereza alimshika akamkumbatia, na Matilda, ambaye si mtoto wa kukataa kukumbatiwa, alikaa mikononi mwake mkavu mkavu bila kunyanyua mikono.

Wanaume walishuka mtoni mchana uleule. Hawakutafuta sana. Mto ulikuwa umekauka kiasi cha kuonyesha kila kitu, na chini ya mizizi ya mkuyu, kwenye kona ambayo maji ya masika huzunguka, walikuta sweta ya bluu na kilichokuwa ndani ya sweta. Mfuko wa nailoni ulikuwa umefungwa mafundo matatu. Ndani yake mlikuwa na simu ya tochi na daftari moja la hesabu, kurasa zimegandana pembeni lakini penseli inasomeka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa mafungu ya kugawanya, na chini kabisa, kwa mwandiko uliotulia: Mwalimu, ya tisa haipo. Nimejaribu zote.

Manyanda, aliyepelekewa neno, alifika siku ya tatu kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Walimsubiri ndipo wakazika. Tereza alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na ndani ya moyo wake alitamani iwe hivyo. Mzee hakufanya lolote kati ya hayo. Baada ya mazishi aliomba kuliona daftari la shule. Hajui kusoma, akamwambia amwonyeshe. Tereza aliushika mkono wake, akakipeleka kidole chake juu ya jina.

“Ni huyu?”

“Ndiye, baba.”

“Wa ngapi?”

“Wa thelathini na tisa.”

Aliacha kidole pale muda mrefu. “Kwetu watoto hatuwahesabu, mwalimu,” alisema mwishowe. “Ni mwiko. Ng'ombe na watoto hawahesabiwi, unawatazama tu jioni unajua wote wapo. Lakini huyu alikuwa anatoka machoni kwangu. Nikasema haidhuru. Anakwenda kwa mwenye daftari.”

Akamshukuru kwa uzi wa sweta, akapanda pikipiki.

Eustace, akiwa naye ameandikiwa barua kutoka juu, alimwelekeza Tereza aondoe jina la marehemu ili hesabu zikae sawa. Alikataa. Asubuhi iliyofuata aliandika kwenye kona ya ubao: waliosajiliwa 39. Akaita majina. Moja hadi thelathini na nane wakaitika, wengine sauti bado hazijarudi vizuri. Akaita la thelathini na tisa, akangoja muda uleule anaomngoja mtoto yeyote. Kimya. Akaandika sifuri kwenye kisanduku, akainua macho kutazama dirishani.

Matilda alikuwa amesogea. Alikuwa amebanana na mwenzake upande wa ndani, daftari lake amelivuta karibu, kama mtu anayempisha mwingine akae. Mahali alipopisha palikuwa pameloa.